Polisi waliambiwa mara tatu. Je, wana wajibu wa kumlinda mtu mmoja, au ni "raia na mali zao" tu?

Mwana wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naombeni mnivumilie, maana nimeubeba kifuani tangu mwezi wa tano.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anauza dagaa hapa Tabora, nje kidogo ya mji. Mzigo wake unatoka Kigoma kwa treni, anaupokea stesheni alfajiri, saa mbili yuko gengeni. Mwaka jana aliachana na mumewe. Talaka ipo, karatasi ipo, wazee walikaa. Yule bwana hakuridhika. Alianza na simu za usiku, zikaja meseji, mwisho akawa anakuja kusimama chini ya mwembe unaotazamana na genge. Hasemi kitu. Anamtazama tu mpaka dada anafunika mzigo na kuondoka. Siku moja akavuka barabara, akasema wateja wawili wakisikia: "Nitakukata, halafu nitakwenda polisi mwenyewe."

Dada akamtangulia. Mara ya kwanza, kaunta walimwambia hayo ni mambo ya ndoa, akayamalize kwa mwenyekiti wa mtaa. Mara ya pili alikwenda na mmoja wa wale wateja, akaandikiwa RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Ninayo hapa mezani: kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, kimechanwa kwa kufuata rula, namba na tarehe kwa kalamu ya bluu, na neno moja, "vitisho". Mara ya tatu alipiga simu yule bwana akiwa pale pale chini ya mwembe. Akajibiwa gari halina mafuta, atume nauli ya bodaboda askari aje. Akatuma shilingi elfu tano. Hakuja mtu.

Siku nne baadaye, magharibi, akamkata. Dada alikinga kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu vimekwenda, cha nne kipo lakini hakikunji. Dagaa zinapimwa kwa kopo. Sasa analishika kwa kushoto na kusawazisha juu kwa kiwiko cha kulia. Na yule bwana kweli alikwenda polisi mwenyewe, panga mkononi. Yuko mahabusu, kesi inaendelea, hiyo siigusi.

Ninalotaka tulijadili ni jibu nililopewa nilipokwenda kuuliza. Afisa mmoja, mtu mzima, alinikalisha, akanipa pole, akasema kwa upole kabisa: "Kijana wangu, kazi yetu ni kulinda raia na mali zao. Hatuwezi kumlinda kila raia." Sikuwa na la kumjibu. Nimerudi nyumbani nikijiuliza, hao raia ni akina nani ukiwatoa mmoja mmoja?

Nikaanza kusoma. Nilidhani ni umaskini wetu tu. Kumbe Marekani, taifa lenye magari na mafuta, mahakama zao zimesema maneno yale yale ya huyu mzee. Mwaka 1999, mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama inayomzuia mumewe kumsogelea yeye na watoto. Jioni yule baba akawachukua mabinti watatu waliokuwa wakicheza nje. Mama akapiga simu polisi, akaambiwa asubiri. Akapiga tena. Akawaambia mpaka mahali walipo, bustani ya michezo Denver. Karibu saa saba usiku akaenda kituoni mwenyewe. Kwa mujibu wa madai yaliyofika mahakamani, askari aliyeandika maelezo yake alitoka akaenda kula. Saa tisa na dakika ishirini usiku, yule baba akafika kituoni na bunduki, akafyatua, polisi wakamuua. Ndani ya gari lake walikuwemo mabinti wote watatu, wameshauawa.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi ile. Mwaka 2005, majaji 7 dhidi ya 2 wakasema mama hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi watekeleze ile amri. Kabla ya hapo, Washington mwaka 1975, wanawake walivamiwa nyumbani, wenzao wa ghorofa ya juu wakapiga simu polisi mara mbili. Askari wakaja, wakagonga, hawakujibiwa, wakaondoka. Mateso yakaendelea kwa saa 14. Mwaka 1981 mahakama ya mji ule ikasema ulinzi wa polisi ni deni kwa umma kwa jumla, si kwa mtu fulani.

Sasa turudi kwetu. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya 1977 inasema: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Imesema kila mtu. Haikusema umma. Mimi naamini dada alikuwa anadaiwa ulinzi na wale watu, yeye kwa jina lake, tangu siku ile walipoandika neno "vitisho" kwenye hiki kikaratasi. Wenye kujua sheria na wenye kuijua kazi ya polisi, nisaidieni. Nimekosea wapi?

Chemchem Juu

Pole sana kaka. Mpe dada pole. Naufuatilia huu uzi mpaka mwisho.

Mtumishi Mstaafu

Kijana, pole. Nimevaa magwanda miaka 31, nimestaafu, naandika kama mzazi.

Nitakwambia kilichokuwa upande wa pili wa kaunta. Zamu ya usiku kituo kidogo ni askari watatu, pengine wawili. Mmoja hawezi kutoka kwa sababu mahabusu wana watu na kuna silaha. Mmoja kaunta. Anabaki mmoja. Gari moja, mafuta ya mgawo, na wiki hiyo huenda lilikuwa msafara au lilikwenda kuchukua maiti kijijini. Simu zinazoingia za "ananitishia" ni nyingi, na nyingi zinaishia kwenye suluhu siku ya pili, mlalamikaji mwenyewe anakuja kuomba jalada lifungwe. Askari akishaona hivyo mara hamsini, masikio yake yanaota sugu. Hiyo ni hali halisi na sitaificha.

Lakini hilo la nauli ya bodaboda halina utetezi. Na hilo la "mambo ya ndoa" pia halina, tena hao walikuwa wameachana! Tulifundishwa kuwa kazi ya kwanza ni kuzuia kosa, kulipeleleza kunafuata likishatushinda. Askari aliyepokea taarifa ya tatu alipaswa kuiandika kwenye kitabu cha matukio na kumpigia mkuu wa kituo. Kama gari halipo, Mkaguzi wa Kata yupo, mgambo wapo. Njia hazikosekani kwa anayetaka kwenda.

Tena nakuomba usiwahukumu wote. Nimezika wenzangu walioitikia simu kama hiyo ya dada yako, wakakutana na panga mlangoni.

Mtumbaku wa Urambo

Mimi napingana na mleta mada, ingawa namwonea uchungu. Huku kwetu msimu wa malipo ya tumbaku kila mkulima ana pesa ndani na kila mkulima ana hofu. Tukisema polisi wana deni la ulinzi kwa kila mmoja, siku nikivamiwa niishitaki serikali, jirani naye aishitaki, nani atalipa? Ni kodi zetu hizo hizo. Na askari ataogopa kuandika RB yoyote, maana kila RB imekuwa hati ya deni. Mtaharibu hata hicho kidogo kilichopo. Mtu ajilinde, awe na mbwa, awe na majirani.

Mwana wa Isevya

Mkuu wa Urambo, hofu yako naielewa. Lakini sikusema kila anayevamiwa. Mwizi asiyejulikana akikuingilia usiku, polisi hawakujua, huwezi kuwadai. Dada yeye aliwapa jina la mtu, mahali anaposimama, saa anayokuja na maneno aliyosema. Walibaki wanahitaji kujua nini zaidi?

Na mbwa asingemzuia yule. Alikuwa mbwa wake, anamjua.

Wakili Kiloleni

Mleta mada, hapo kwenye "walijua" umegusa penyewe, na ndipo sheria za nchi nyingine zilipofika baada ya kuzunguka sana.

Uingereza walianza kama Marekani. Mwaka 1988 mama wa binti aliyeuawa na muuaji wa wanawake 13 aliwashitaki polisi wa West Yorkshire kwa uzembe wa upelelezi, akashindwa. Majaji wakasema polisi hawawajibiki kwa mtu asiyetofautishwa na umma mwingine. Lakini mwaka 1998 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya familia ya Osman, ikaweka kipimo kingine: kama polisi walijua au walipaswa kujua kuna hatari ya kweli na iliyo karibu kwa maisha ya mtu anayejulikana, na hawakuchukua hatua zilizo ndani ya uwezo wao, nchi imevunja haki ya kuishi. Familia yenyewe ilishindwa kwenye hoja hiyo. Mahakama haikuridhika kwamba polisi wale walijua vya kutosha. Ndiyo maana nasema hicho kikaratasi chako usikipoteze. Kitoe kopi tatu leo hii.

Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi. Mwanamke mmoja alishambuliwa mwaka 1995 na mtu aliyekuwa nje akisubiri kesi ya kujaribu kubaka, wakati polisi na waendesha mashtaka waliijua tabia yake na hawakupinga kuachiwa kwake. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba, kesi ya Carmichele, ikasema serikali inaweza kuwajibika, na baadaye ikawajibika kweli.

Na ile kesi ya Castle Rock haikuishia 2005. Yule mama alikwenda Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na mwaka 2011 ikasema Marekani ilivunja haki zake na za wanawe.

Kwetu sasa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, sura ya 322, kinataja kazi za Jeshi: kutunza amani, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua makosa, kukamata wahalifu na kuwaweka chini ya ulinzi, kulinda mali. Kuzuia kumetajwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na nadhani ndilo lililomponza dada: kumwambia mtu "nitakukata" ni kosa tayari. Linaitwa kutishia kuua kwa maneno, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Anayekwambia "bado hajafanya kitu, akifanya njoo" amekosea sheria, kwa sababu ameshafanya. Alipaswa kukamatwa siku ya ile RB. Hakimu naye ana uwezo wa kumtaka mtu wa namna hiyo atoe dhamana ya kutunza amani kabla hajamgusa mtu.

Ng'wana Nzega

Mwangaluka. Mimi si msomi, ila nina neno.

Mmesoma hiyo ibara vizuri? "Kupata kutoka katika *jamii* hifadhi ya maisha yake." Haikusema polisi. Huku kwetu Unyamwezini jambo hili lilishajibiwa kabla ya hizo kesi. Ng'ombe walipokuwa wanaibiwa na watu wanauawa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee hawakusubiri gari lenye mafuta. Sungusungu walianza upande wa Kahama na huku kwetu, kijiji kwa kijiji. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume anatoka na upinde. Aliyesikia akalala, kesho analipa faini. Hakuna anayeuliza huyu anayepiga yowe ni mmoja au ni umma. Na serikali ilikuja kutukubali, sheria ikarekebishwa mwaka 1989 tukaingizwa kwenye mambo ya mgambo.

Naomba kuuliza, siku ile magharibi, hapo gengeni hapakuwa na watu?

Mwana wa Isevya

Walikuwepo. Mama muuza ndizi ndiye aliyemfunga mkono kwa kanga, bila yeye tungezika. Kijana wa bodaboda alimkimbiza hospitali ya Kitete bila kudai hata mia. Wao waliitika.

Lakini mzee wangu wa Nzega, yowe linapigwa panga likiwa limeshainuliwa. Dada alipiga yowe lake siku kumi kabla, kwa mdomo, kwenye kaunta, mbele ya watu tuliowapa sisi jamii mishahara na bunduki wasimame badala yetu. Tulipowapa hayo tulijiondolea upinde. Hawawezi kuupokea upinde wetu halafu watuambie jukumu limebaki kwetu.

Mama Pacha wa Ipuli

Nimesoma hadi hapa nikalia.

Jamani na sungusungu tuwaseme ukweli wote. Bibi yangu mzaa baba aliitwa mchawi kwa macho mekundu, macho ya moshi wa kuni wa miaka sitini. Kijiji ndicho kilichomnyooshea kidole, kijiji hicho hicho chenye mwano. Aliyemwokoa ni askari mmoja wa kituo cha kata aliyekuja kwa baiskeli, akalala barazani kwetu usiku mbili. Baiskeli! Hakuomba mafuta.

Na mimi mwenyewe mwaka juzi nilifika dawati la jinsia na watoto, si kaunta. Dada afande aliyekuwepo alinisikiliza ndani, mlango umefungwa, akamwita mume wangu siku hiyo hiyo, akamwandikisha maelezo. Hakunigusa tena. Kwa hiyo naamini wanaweza. Wanawake mnaosoma, mkitishiwa ulizeni dawati liko chumba gani, msikubali kumalizana na kaunta. Kwa mtoto kuna namba 116, polisi 112.

Baba Neema

Mimi mwanangu ana ualbino. Sihitaji kueleza sana, mnaujua mkoa huu na jirani zake ulivyopita kwenye miaka ile. Nilihamisha kitanda chake kikawa katikati ya nyumba, mbali na dirisha. Kuna watoto wenzake walipelekwa kituo cha Kabanga kule Kasulu, wakatengwa na wazazi wao ili wabaki hai.

Nataka kusema moja tu kwa Mtumbaku. Mwezi Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya nchi yetu kuhusu watu wenye ualbino, kwamba serikali haikutimiza wajibu wa kuwalinda. Waliowakata hao watu hawakuwa serikali. Walikuwa wahalifu wa mtaani, wateja wa waganga. Lakini mahakama iliona kuwa hatari inapojulikana, kukaa kimya ni kosa la mwenye dola. Siku hiyo nilimsomea Neema sauti ya juu.

Mtumbaku wa Urambo

Baba Neema, nimekusoma. Mungu akukuzie mtoto.

Nakubali kurudi nyuma hatua moja. Kama ni mtu anayejulikana na polisi wameshaandika, basi hapo deni lipo. Bado nina wasiwasi askari watakwepa kuandika.

Mtumishi Mstaafu

Watakwepa, nakuhakikishia, wengine wamekwepa maisha yao yote. Ndiyo maana nawaambia: nendeni na mtu wa pili. Taja kosa kwa jina lake, sema "nimekuja kuripoti kutishiwa kuua", usiseme "tumegombana". Usiondoke bila namba ya RB. Ukinyimwa, jina la aliyekunyima na saa, viandike mwenyewe nje ya mlango kabla hujapanda bodaboda, halafu panda kwa mkuu wa kituo, akishindwa kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Wakubwa wanaogopa sana barua yenye tarehe.

Na ile elfu tano kijana, alituma kwa simu? Basi muamala upo.

Mwana wa Isevya

Upo mzee. Jina limetokea, tarehe, saa 11:42 jioni. Nimepiga picha ya skrini.

Wakili Kiloleni

Huo muamala ni ushahidi mzito kuliko RB. RB inaonyesha walijua kuna vitisho. Muamala unaonyesha walijua yuko pale, saa ile.

Sasa njia. Malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ni bure, barua tu. Kuishitaki serikali ni safari ndefu: lazima notisi ya siku 90 kwanza, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Mahakama Kuu ipo hapa hapa Tabora, hamhitaji kwenda Dodoma. Sikuahidi ushindi, kwetu njia hii haijakanyagwa sana. Arusha pia usiitegemee: nchi ilijiondoa mwaka 2019 kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja, na ile kesi ya ualbino iliwahi kwa sababu ilifunguliwa kabla. Lakini mlalamikaji awe dada mwenyewe, siyo wewe. Anataka?

Mwana wa Isevya

Nimetoka kumuuliza sasa hivi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Alikuwa anapanga makopo. Aliuliza kama kesi itamfanya yule askari amchukie. Nikamwambia sijui. Akanyamaza, akamaliza makopo, akasema niandike hiyo barua ya Tume, lakini atasaini yeye.

Hajawahi kusaini kwa mkono wa kushoto. Yuko hapa mezani anajaribu nyuma ya daftari la mauzo, ameshajaza ukurasa. Wakili, nifuate PM nikutumie picha za RB na muamala. Na aliyeko Tabora mjini anayemjua mtoa msaada wa kisheria anayepatikana Jumamosi, maana siku nyingine dada yuko stesheni, naomba namba.